Miguu Minne, Mwendo Mmoja

Wenye miguu ni wengi. Wanaojua kutembea wamebaki wachache. Mwezi Mei unapoelekea ukingoni, barabara itokayo Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda, kwenda Masaka hupata mahujaji wa Kagera wanaokwenda Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Juni 3. Hapo ndipo unapomjua fundi na mwanagenzi. Vijana wa kwaya huondoka mpakani kwa nyimbo na mbio. Kabla ya Masaka nusu yao wamekaa kando ya lami, raba mpya mkononi, wanahesabu malengelenge.

Katika kundi letu walikuwemo mzee mmoja na mkewe, wakulima wa migomba kutoka Bukoba vijijini. Hawakuwa na haraka wala hawakuchelewa. Jioni mliokimbia mnafika kwenye ukumbi wa parokia mmelegea, wao wanaingia nyuma yenu kidogo tu, wananawa miguu kwa maji ya chumvi, wanapakana samli kati ya vidole, wanalala. Saa kumi alfajiri wako barabarani tena. Kutoka Mutukula hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na sikuwasikia wakimwomba mtu lifti.

Nikaanza kuwatazama. Mume hakutangulia, ingawa kwa desturi za kwetu ungetarajia mwanamume awe mbele mikono mitupu na mke nyuma na mzigo kichwani. Huyu alikaa nusu hatua nyuma ya mkewe, upande wa malori. Mfuko wao ulikuwa mmoja, nao ulihama bega hadi bega bila kuombwa. Mlima ukifika, mfuko umeshabadilisha mbebaji. Miguuni walivaa katambuga zilizokwisha kuzoea nyayo zao, kwa maana hakuna mwenye akili anayekwenda kuzoeana na kiatu safarini.

Lakini ufundi wenyewe ulikuwa kwenye rozari. Mke aliongoza: alisema nusu ya kwanza ya Salamu Maria, mume akamalizia. Hatua kadhaa kwa nusu yake, hatua kadhaa kwa nusu ya mwenzake, siku nzima. Kwa mbali ungedhani ni ibada tu, na ibada ilikuwa kweli. Ila nilipokaribia niligundua kwamba mama yule alikuwa anasikiliza zaidi ya maneno. Jibu la mume likija limenyooka, mwendo uliendelea. Likichelewa, au likikatika katikati kutafuta hewa, mama alifupisha hatua bila kugeuza shingo. Kwenye mwinuko mkali walibadilishana: mwenye pumzi akaongoza, mwenye kuhema akaitikia. Na pale sauti ya mama ilipoanza kukwaruza mchana wa jua kali, mzee ndiye aliyeona kivuli cha mwembe na kusema kwamba tendo hili la uchungu walimalizie wamekaa.

Hakuna aliyemuuliza mwenzake, “Umechoka?” Swali hilo, kwa mtu mwenye staha, lina jibu moja tu: hapana. Huulizwa kwa upendo na hujibiwa kwa uongo, na uongo huo ndio unaowalaza watu hospitalini kabla ya kufika. Rozari iliwaondolea haja ya kudanganyana. Kila mmoja aliisikia hali ya mwenzake ndani ya sala, wala hakuna aliyelazimika kukiri udhaifu.

Walipopumzika hawakula sana. Mama alifungua kifurushi cha jani la mgomba kavu, akatoa kahawa ya kutafuna, ile ya buni iliyochemshwa na kukaushwa ambayo Mhaya hampokei mgeni bila kuitoa. Zamani, watu wa Buhaya na Buganda walipochanjiana damu kuwa ndugu, walitafuna punje mbili zilizotoka katika buni moja. Wao waligawana zao bila maneno yoyote, wakainuka. Pale Kayabwe, kwenye mstari wa ikweta, watu walipanga foleni kupiga picha ndani ya duara jeupe. Wazee wetu walitoka kusini wakaingia kaskazini katikati ya Baba Yetu.

Njia hii inastahili kutembewa hivyo, kwa sababu wale tunaokwenda kuwaheshimu nao walitembezwa. Kabaka Mwanga wa Buganda alipotoa hukumu Munyonyo, Mei 1886, vijana wa ikulu walifungwa wakaswagwa kwa miguu hadi Namugongo, na baadhi yao waliuawa njiani. Gonzaga Gonza, inasimuliwa, alichomwa mkuki baada ya kushindwa kuendelea kutembea kwa uzito wa minyororo. Juni 3 Karoli Lwanga na wenzake wakachomwa moto. Wakatoliki 22 kati ya Mashahidi wa Uganda walitangazwa watakatifu mwaka 1964, na ukifika kwenye basilika ya Namugongo utahesabu nguzo 22. Waanglikana nao wana 23 wao, na mahali pao pa kuwakumbukia papo hapo jirani. Lakini kabla ya nguzo palikuwa na nyayo.

Wazee wa Kagera wana kumbukumbu nyingine pia ya barabara hii. Mwaka 1979, wakati wa vita kati ya Tanzania na Uganda, askari wa Tanzania waliipita, wengi wao kwa miguu, kutoka Mutukula hadi Masaka, kisha Lukaya ambako Machi ile palipiganwa vita vikali kando ya kinamasi. Leo Lukaya utapokewa na vijana wenye makoti ya sare wakikusukumia kuku wa kuchoma na gonja dirishani mwa basi. Ni jambo jema. Amani ndiyo iliyotupa nafasi ya kutembea kwa hiari mahali ambapo wengine walitembea kwa amri.

Na nafasi hiyo tunaitumiaje? Siku hizi wengi wanaosema wamekwenda hija kwa miguu wametembea pale penye kamera. Gari la msaada liko nyuma. Bodaboda haiko mbali. Nimewaona wanandoa wakitoka mpakani wameshikana mikono, fulana zimeandikwa majina yao, na kufika Kyotera mmoja yuko kilomita mbele, amejaza muziki masikioni, mwingine anachechemea nyuma huku akimpigia simu isiyopokelewa. Wote wawili walifika Namugongo. Walifika kwa saa tofauti, na picha walipiga pamoja.

Silaumu basi. Mgonjwa apande, mwenye kazi apande. Ninachosikitikia ni kwamba gari limetuondolea shule. Mtu akienda peke yake, mwendo ni wake, na akichoka anajijua. Kwenda wawili kunadai kwamba mwenye nguvu akubali kuwa mpole kila siku, bila kuonyesha kwamba anavumilia, na dhaifu akubali kusubiriwa bila kuona aibu. Hayo hayaji kwa kupendana tu. Yanatengenezwa na kilomita, na sasa kilomita hatuzitaki.

Parokia zetu bado zinatoa mafundisho ya ndoa. Wachumba wanakaa ukumbini kwenye viti vya plastiki, wanasomewa wajibu wa mume na wajibu wa mke, wanapewa cheti. Wangetolewa nje siku moja tu, wapewe mfuko mmoja na kilomita 20 chini ya jua, wangejuana zaidi kuliko kwa masomo yote yale. Walimu wapo, kama wale wazee wawili, ingawa kila mwaka wanapungua barabarani. Lakini nani atakumbuka kuwaita, wakati kamati ya hija imeshikwa na kutafuta basi lenye kiyoyozi?