Dhoruba isiyo na mvua: Dosari katika taarifa za Kiswahili kuhusu anga

KATIKA makala ya leo, ninanuia kuhakiki kauli mbili zilizosikika mno katika taarifa za habari mnamo Mei 2024: ‘dhoruba ya jua’ na ‘mionzi ya sumaku’. Nitaonyesha kuwa ya kwanza imepungukiwa na maelezo, ilhali ya pili ni kosa.

Nilikuwa Lodwar wikendi hiyo. Jumamosi, Mei 11, mtangazaji mmoja wa redio alisema kuwa ‘dhoruba kali imeipiga dunia’, kisha akaingia kwenye habari za michezo. Mama mmoja aliyekuwa akiuza makaa karibu nami aligeuka na kuniuliza, “Mwalimu, hiyo dhoruba itatufikia saa ngapi? Nitoe mbuzi kwa laga leo ama kesho?”

Swali lake halikuwa la kuchekesha. Mto Kawalase hufurika ghafla na kuingia Lodwar, na Tarach hufanya vivyo hivyo Kakuma. Wiki moja tu kabla ya hapo, kimbunga Hidaya kilikuwa kimefika pwani ya Tanzania. Mafuriko ya msimu huo yalikuwa yameua zaidi ya watu 200 nchini Kenya. Katika hali hiyo, nani angesikia ‘dhoruba’ asifikirie maji?

Kilichotokea ni hiki. Jua lilirusha angani mabilioni ya tani za gesi yenye joto kali, iliyojaa chembe zenye chaji ya umeme na kubeba usumaku wake. Gesi hiyo ilipoifikia dunia Ijumaa, Mei 10, iliutikisa usumaku unaoizunguka sayari yetu. Wataalamu wa Marekani waliiweka katika daraja la tano, ambalo ndilo la juu kabisa na halikuwa limefikiwa tangu Oktoba 2003.

Sasa tulitazame neno lenyewe. ‘Dhoruba’, au ‘dharuba’, linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pigo. Kamusi za Kiswahili zimeihifadhi maana hiyo pamoja na ile ya upepo mkali. Kwa hivyo, anayesema kuwa usumaku wa dunia umepata dharuba hajakosea. Hata Alexander von Humboldt, aliyeichunguza sindano ya dira ikiyumbayumba mjini Berlin mwaka 1806, aliliita tukio hilo dhoruba. Ila Humboldt aliongeza kuwa ni ya sumaku. Mtangazaji wetu alilitupa neno kavu kavu, na msikilizaji akalijaza maana aliyoizoea.

‘Mionzi ya sumaku’ ni kosa la aina nyingine. Sumaku haitoi mionzi. Isitoshe, neno ‘mionzi’ humpeleka Mkenya wa kawaida moja kwa moja kwenye picha za eksirei na matibabu ya saratani. Ndiyo maana siku mbili baadaye, nilipofika Kakuma, nilikuta vijana wakisambaziana ujumbe wa kuwataka watu wazime simu usiku na kuziweka mbali na kitanda. Ujumbe wa aina hiyo umezunguka duniani kwa miaka mingi, na ni uzushi. Dhoruba hii haimdhuru mtu aliye ardhini, kwa kuwa angahewa na usumaku wa dunia humkinga.

Mkanganyiko ulizidi kwa sababu Jumapili, Mei 12, kebo za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti ikawa ya kusuasua kote nchini. “Si mliambiwa jua limechoma mitambo?” kijana mmoja aliniambia. La hasha! Dhoruba ya jua haikati kebo baharini.

Inachovuruga ni vitu vingine. Mnamo Machi 13, 1989, iliangusha gridi ya umeme ya Quebec, Kanada, na watu milioni sita wakakaa gizani kwa saa tisa hivi. Februari 2022, kampuni ya SpaceX ilipoteza setilaiti zipatazo 40 za Starlink, zilizokuwa zimerushwa siku chache tu awali. Kwetu Turkana, tusio mbali na ikweta ya sumaku inayopita Ethiopia, la kuangaliwa zaidi ni mawimbi ya redio na ya setilaiti, ambayo hupotoka yanapopita katika tabaka la juu la anga. Dereva anayefuata ramani ya simu kwenye nyika kati ya Lodwar na Kakuma anastahili kuambiwa hilo.

Wapo watakaodai kuwa redio haina muda wa ufafanuzi mrefu. Sikubaliani nao. Kauli ‘msukosuko wa usumaku wa dunia’ inatosha, na anayependa ‘dhoruba ya sumaku’ aongeze sentensi moja: “Haina mvua wala upepo, na haidhuru mwili, lakini inaweza kuvuruga redio, ramani za simu na umeme.” Kuisoma hakuzidi sekunde kumi.

Kakuma, ambako Mturkana, Mkongomani na Mrundi huelewana kwa Kiswahili, tahadhari isiyoeleweka ni sawa na tahadhari isiyotolewa. Nilimjibu mama yule, “Hapana, mama, hii haina maji.” Akashukuru, kisha akauliza, “Sasa mbona hawakusema hivyo?”