Mikono Inayotandaza Kromosomu

Kuna ufundi wa maabara usiosifiwa vya kutosha: kuitandaza seli juu ya kioo mpaka kromosomu zake zihesabike moja moja. Kwanza seli husimamishwa kwa dawa zikiwa katikati ya kugawanyika. Hulowekwa katika maji ya chumvi hafifu, zikavimba, kisha hukazwa kwa methanoli na asidi ya siki. Ndipo fundi anapodondosha tone moja kwenye kioo. Kioo kikikauka upesi mno, kromosomu hubaki zimelundikana na hakuna cha kuhesabu. Tukisimulia ugunduzi wa kisayansi huwa tunamtaja aliyefikiri, na mikono ya namna hii tunaipita.

Barbara McClintock wa Marekani alikuwa na vyote viwili. Katika miaka ya 1930 alichunguza seli za mahindi kwa hadubini, akaona kromosomu zilizokatika zikinasana. Seli ilipogawanyika, zilivutwa huku na huku mpaka zikakatika tena, zikanasana tena. Ncha za asili hazikufanya hivyo. Kwa nini?

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Seli ina mitambo ya kukarabati DNA iliyokatika, na kwa mitambo hiyo ncha yoyote ni jeraha la kuungwa. Binadamu ana kromosomu 46, yaani ncha 92, na kila moja ni kishawishi.

Jibu lilionekana wazi mwaka 1998, katika maabara ya Titia de Lange kwenye Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Watafiti walizima kazi ya TRF2, protini inayokaa kwenye ncha hizo, ndani ya seli za binadamu. Vioo vikaonyesha kromosomu zimeungana ncha kwa ncha. Ninachokipenda zaidi ni jambo dogo lililoonekana pale kwenye maungio: DNA ya ncha, iliyotiwa alama ya kung'aa, bado ilikuwapo. Haikuwa imeisha. Kilichokosekana ni mlinzi wake.

Mwaka uliofuata Jack Griffith wa North Carolina, akishirikiana na maabara hiyo, alipiga picha za DNA ya ncha kwa hadubini ya elektroni. Ncha ilikuwa imejikunja ikawa kitanzi, na uzi wake wa mwisho umechomekwa ndani, kama msusi wa mkeka anavyoficha ncha ya mwaa ndani ya ukili. Mitambo ya ukarabati haioni ncha ya kuunga.

TRF2 ikiondoka, seli hupiga kengele ya hatari. Baadhi hujiua kwa amri ya protini iitwayo p53; nyingine huacha kugawanyika kabisa. Ningeishia hapo kama si ini la panya.

Mwaka 2006 maabara ya de Lange ilieleza panya ambao seli za ini lao zilinyimwa TRF2. Kromosomu zilinasana ovyo, lakini panya waliishi. Walipokatwa sehemu ya ini, ini likarudia ukubwa wake. Anayepima uzito tu angesema limepona kama maini mengine. Waliotazama seli zenyewe waliona kwamba hazikugawanyika hata kidogo: zilirudufu DNA yao ndani kwa ndani, zikawa kubwa, na zikaendelea na kazi.