Kuhamia na Kuhamishwa: Tahakiki ya Filamu ya Désengagement

Si desturi ya kurasa hizi kuhakiki filamu. Wasomaji wetu wamezoea kukuta humu tahakiki za riwaya, tamthilia na diwani zinazosomwa shuleni, na hapana shaka wako watakaouliza filamu iliyosemwa kwa lugha za kigeni inamhusu nini mwalimu wa Kiswahili. Jibu letu ni fupi. Tuliionyesha filamu hiyo kwa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili hapa Uganda, huku tukiwafasiria papo kwa papo, na tukashindwa kuwafasiria jina lake. Kushindwa huko ndiko kulikotufanya tushike kalamu.

Filamu yenyewe ni Désengagement, iliyotengenezwa na Amos Gitai, msanii wa Kiisraeli, mwaka 2007. Hadithi yake haina mafundo mengi. Ndani ya garimoshi huko Ulaya, Uli, polisi wa Kiisraeli, anakutana na mwanamke wa Kipalestina mwenye pasipoti ya Uholanzi. Wanazungumza habari za asili na uraia, kisha wanabusiana kama watu wanaojua kwamba hawataonana tena. Uli yuko njiani kwenda Avignon, Ufaransa, kumzika mzee aliyemlea. Huko yuko Ana, binti wa marehemu, na sehemu hii imechezwa na Juliette Binoche. Wosia wa mzee unamrudisha Ana kwenye jambo alilolificha kwa miaka mingi: alizaa mtoto wa kike akamwacha Israeli. Mtoto huyo, Dana, sasa ni mwalimu katika kijiji cha walowezi ndani ya Ukanda wa Gaza. Siku hizo ni za Agosti 2005, na Serikali ya Israeli imeamuru vijiji hivyo vihamishwe. Ana anakwenda kumtafuta mwanawe. Uli anakwenda na kikosi kitakachomtoa.

Hapana budi tukumbushane historia kidogo, kwa kuwa msanii ameidhania kwa watazamaji wake na wanafunzi wetu hawakuwa nayo. Israeli iliuteka Ukanda wa Gaza katika vita vya Juni 1967, na tangu mwaka 1970 vijiji vya raia wake vikaanza kujengwa huko kwa msaada wa Serikali. Kimoja, Kfar Darom, kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1946, kikaachwa katika vita vya 1948, kikafufuliwa mwaka 1970. Kufikia mwaka 2005 vilikuwa vijiji 21, vyenye walowezi zaidi kidogo ya 8,000, katikati ya Wapalestina zaidi ya milioni 1.3 ambao wengi wao ni wakimbizi wa mwaka 1948 na wazao wao. Aliyetoa amri ya kuvihamisha ni Ariel Sharon, mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa mlezi wa walowezi hao hao. Hata hivyo haikuwa mara yake ya kwanza: Aprili 1982, akiwa Waziri wa Ulinzi, alisimamia kuhamishwa na kubomolewa kwa Yamit, mji wa walowezi katika Sinai, Israeli ilipoirudisha ardhi hiyo kwa Misri. Huko pia watu walipanda juu ya mapaa wakakataa kushuka.

Mpango wa Gaza aliutangaza Desemba 2003. Wanachama wa chama chake waliukataa kwa kura Mei 2004. Bunge likaupitisha Oktoba mwaka huo kwa kura 67 dhidi ya 45. Wapinzani walichagua rangi ya machungwa iwe alama yao, wakafunga utepe wake katika magari na mikono. Julai 2004 walishikana mikono kuunda mnyororo wa watu kutoka Gaza mpaka Yerusalemu, mwendo wa kilometa 90 hivi. Siku ilipowadia wako waliofungasha vyombo vyao na kuondoka wenyewe, na wako waliobebwa mikono na miguu huku wakilia, na askari wengine wakilia pamoja nao. Katika Kfar Darom, tarehe 18 Agosti, vijana walijifungia juu ya paa la sinagogi wakawamwagia askari rangi na vimiminiko vingine. Wengi wa vijana hao hawakuwa wakazi wa kijiji hicho. Walijipenyeza kutoka nje. Tunalisema hili kwa kuwa mara nyingi anayepiga kelele kubwa katika msiba si mfiwa.

Sasa turudi kwenye maneno. Mgogoro huo ulikuwa pia mgogoro wa msamiati, na hapo ndipo mwalimu wa lugha anapovutiwa. Serikali iliuita mpango wake hitnatkut, yaani kujitenga, kujikata na kitu ulichoshikamana nacho. Gitai amelichukua neno hilo kwa Kifaransa. Sheria ilitumia pinui, ambalo ni kuondoa au kuhamisha, neno la ofisini lisilo na machozi. Walowezi waliyakataa yote mawili. Wao walisema gerush, kufukuza, neno lile lile ambalo Wayahudi hulitumia kwa kufukuzwa kwao Hispania mwaka 1492. Au walisema akira, kung'oa, kama mti na mizizi yake. Kaulimbiu yao ilikuwa kwamba Myahudi hamfukuzi Myahudi. Jeshi nalo liliagizwa lifanye kazi kwa uthabiti na kwa upole. Kila upande ulijua kwamba atakayelitawala neno atakuwa ametawala nusu ya kisa.

Kwa upande wa fani, Gitai anastahili sifa. Kamera yake haina haraka. Hulifuata tukio moja kwa muda mrefu bila kulikata, hata mtazamaji akajiona yumo katika msongamano. Uli amechorwa vizuri, maana ni mhusika anayetenda asilolipenda na wala hatolewi udhuru. Ana naye, ambaye katika Avignon anafanya mzaha karibu na maiti ya baba yake kiasi cha kuudhi, anapofika Gaza ananyamaza. Unyamavu huo una uzito kuliko hotuba. Na kumweka mama aliyemwacha mtoto mbele ya binti anayekataa kuiacha nyumba ni ubunifu ambao hauhitaji kuelezwa.

Lakini maudhui yana pengo, na pengo hilo tulilitambua kwa msaada wa sarufi yetu wenyewe.

Tulipotaja neno walowezi darasani, wanafunzi walitaka maana yake. Mzizi ni kulowea, yaani kukaa ugenini moja kwa moja hata usifikirie kurudi. (Mmoja wao, aliyechanganya kulowea na kulowa, aliandika kwamba walowezi ni watu walionyeshewa na mvua. Tulimsahihisha, ingawa baada ya kucheka naye.) Kwa msomaji wa Afrika Mashariki neno hili si pole. Linawaita mbele yetu masetla wa nyanda za juu za Kenya, na watawala wa Rhodesia ya Ian Smith. Kiswahili kimemtofautisha mlowezi na mgeni, na kimemtofautisha pia na mwenyeji. Mgeni ana siku zake, na ya tatu hupewa jembe. Mwenyeji ni mwenye mji. Mlowezi analo jembe, analima, anazaa, anazika, lakini jembe hilo hakupewa na mwenyeji.

Kisha tukaandika ubaoni kauli za kitenzi kimoja: hama, hamia, hamisha, hamishwa. Anayehama ni mtendaji wa safari yake. Anayehamia hudai mahali, na mahali hudai tuulize palikuwa na nani. Anayehamisha ni mwenye amri. Anayehamishwa ni mtendwa, na kauli ya kutendwa ina tabia ya kumficha mwenye amri na kutuachia mwenye machozi peke yake. Filamu ya Gitai inaanza na kwisha katika hamishwa. Kuhamia, ambako ndiko kulikozaa kisa chote, hakumo. Dana tunamkuta yuko kijijini kana kwamba aliota pale pamoja na mimea ya bustani. Mpalestina aliyepewa nafasi ya kuzungumza kwa kirefu ni yule mwanamke wa garimoshini, mgeni katika Ulaya. Wapalestina wa Gaza, ambao ndio wenye mji, hawakupewa katika hadithi hii nyumba, jina wala jamaa wa kuwalilia. Hatusemi kwamba msanii aliwachukia. Kazi zake nyingine zinaonyesha kinyume. Twasema kwamba amechagua mateso yanayoonekana vizuri zaidi kwa kamera, na kamera ilikuwa imesimama ndani ya ua.

Yuko msomaji atakayejibu kwamba machozi ni machozi, na kwamba aliyezaliwa katika kijiji cha walowezi hakuhamia popote. Hoja hiyo ni ya kweli, na darasani kwetu ilitetewa na mtu ambaye hatukumtarajia. Ni kijana kutoka Gulu, aliyekulia kambini kwa sababu kuanzia mwaka 1996 Serikali iliwaamuru watu wa vijijini huko waingie katika kambi zilizolindwa na jeshi. Alisema amewahurumia watu wale waliokuwa wakitolewa milangoni, kwa maana anaijua sura ya mtu anayeambiwa atoke kwake. Baadaye akaongeza, kwa sauti ya chini: "Lakini mwalimu, wao walikuwa na basi, na sheria iliyowaandikia fidia." Hakutaka kabisa tuandike kwamba watu wa kwao walihama. Walihamishwa, akasema, na hawakuwa wamehamia, kwani pale ndipo walipozaliwa babu zao. Kwa sentensi hizo mbili alikuwa amefanya uhakiki kuliko sisi.

Wala hatuwezi kuitazama filamu hii leo kama ilivyotazamwa mwaka 2007. Walowezi wa mwisho waliondolewa Netzarim tarehe 22 Agosti 2005, na askari wakatoka Gaza tarehe 12 Septemba. Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas iliishambulia Israeli na kuua watu wapatao 1,200. Tarehe 13 mwezi huo jeshi la Israeli likawaamuru watu wa Gaza ya kaskazini, kiasi cha milioni 1.1, waende kusini, na katika vita vilivyofuata Wapalestina makumi ya elfu wakauawa. Katika matangazo tulisikia wakiambiwa "wahame". Kitenzi ni kile kile walichoambiwa watu wa Kfar Darom mwaka 2005, lakini safari hii hapakuwa na mnyambuliko wa kuonyesha wahamie wapi.

Tunawashauri walimu wenzetu waionyeshe filamu hii kwa wanafunzi wa madarasa ya juu, mradi wawatengee kipindi kizima cha historia kabla yake, na wasiogope ubishi. Wetu ulichukua vipindi viwili. Kwa jina la Kiswahili yalipendekezwa matatu: Kujitenga, Kuhamishwa na Kung'olewa. La kwanza lilipingwa kuwa ni la Serikali, la tatu kuwa ni la walowezi, na la pili lilipata watetezi wachache waliosema halina ladha. Kengele ililia kura zikiwa zimegawanyika, nasi tukaliacha ubaoni kwa Kifaransa.