Duara Jeusi Juu ya Kabati la Santuri

Fundi alipitisha kiganja juu ya kabati, akaligonga kwa kifundo cha kidole kama anayechagua tikiti maji sokoni, kisha akatoa hukumu. "Hili tunalivua lote. Msasa mpaka chini, halafu vanishi koti tatu. Litawaka mpaka ujione uso." Mjomba alikuwa ameridhika tangu neno la kwanza. Nikauliza, na lile duara je? "Lipi, hilo doa?" fundi akasema. "Doa linaondoka na msasa."

Ndipo nilipomwambia mjomba kwamba kazi hii nitaifanya mwenyewe. Ujuzi sikuwa nao. Nilikuwa na hasira tu, na hasira si kifaa cha useremala, kama mtakavyoona.

Kabati lenyewe ni la santuri ya HMV, la kusimama, linanifika kifuani. Babu alilinunua mnadani, likakaa sebuleni Ngamiani, Tanga, tangu kabla mama hajazaliwa. Sikuwahi kulisikia likiimba. Kamani yake ilikatika zamani. Nililijua kama meza ya bibi, na ninachokikumbuka juu yake ni kopo la bati, la maziwa lililokwisha, lenye maji na asumini. Bati lilishika kutu, maji yakachuruzika, na kutu ilipokutana na tanini iliyomo ndani ya mbao ikazaa weusi usiofutika kwa kitambaa. Bibi ameshafariki. Duara lipo.

Kabati la santuri ni kazi ya usanii ambayo hatuisomi ipasavyo. Santuri za mwanzo zilibeba pembe kubwa nje, inayoshika vumbi na kujaza chumba. Mwaka 1906 kampuni ya Victor ya Camden, New Jersey, ikatoa Victrola: pembe ilikunjwa kuelekea chini na kufichwa nyuma ya milango ya kabati, na mashine ikauzwa kwa dola 200. Ukitaka sauti kubwa ulifungua milango. Ukitaka ndogo uliifunga. Washirika wao wa Uingereza, waliouza kwa nembo ya HMV, wakafuata mkondo huo. Ni mashine iliyofundishwa adabu za sebuleni, ikavikwa mahogani ili isiaibike mbele ya samani za wenye uwezo. Na hilo ni vazi kwelikweli. Kabati letu si mahogani mpaka ndani. Ni vinia, ubao usiofika unene wa milimita 1, uliogundishwa juu ya mti wa bei ndogo.

Hapo ndipo wengi wanapolidharau. Vinia, tunasema, ni ujanja, kama mkufu uliochovywa dhahabu. Nami nilisema hivyo mpaka jioni moja nilipoifunga milango yote miwili na kuitazama kwa pamoja. Nyuzi za mbao zinaakisiana kama mbawa za kipepeo. Seremala alichana majani mawili yaliyofuatana ndani ya gogo moja, akayafungua kama kurasa mbili za kitabu. Kwa ubao mnene hupati hilo kirahisi. Tena ubao mzima wa upana ule, kwa unyevu wa pwani yetu, ungekuwa umepinda na kupasuka siku nyingi. Aliyelitengeneza hakuwa akinidanganya. Alikuwa akinionyesha kitu kizuri kwa namna ambayo kingeweza kudumu.

Kazi ilianza vizuri. Vinia ilikuwa imeinuka kwenye kona za chini na kufanya malengelenge matatu mfunikoni. Gundi ya zamani ilichemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na ina fadhila moja: ukiipa joto na unyevu hulainika tena, hata baada ya miaka mingi. Nilitandika kitambaa chenye unyevunyevu, nikapitisha pasi ya vuguvugu, nikakandamiza kwa kipande cha ubao na matofali mawili juu yake, nikaenda kulala. Asubuhi malengelenge mawili yalikuwa yametulia. La tatu nililichana kwa wembe, kufuata nyuzi, nikapenyeza gundi mpya kwa bomba la sindano.

Kisha nikadondosha spiriti kidogo sehemu ya nyuma isiyoonekana. Rangi ikanata kidoleni, ishara kwamba ni shelaki, utomvu wa mdudu mdogo wa India, na jina lake lina undugu na ile lakiri ya kufungia bahasha. Shelaki mpya ikipakwa juu ya kuukuu huiyeyusha kidogo na kuungana nayo. Vanishi ya plastiki ya siku hizi haifanyi hivyo, hukaa juu. Na kumbe sahani za santuri za enzi ile nazo zilifinyangwa kwa shelaki, ikichanganywa na unga wa mawe. Kabati na wimbo vilitoka kwa mdudu mmoja.

Nikavimba kichwa. Kona ya kulia ya mfuniko ilikuwa na mkwaruzo, nikachukua msasa. Zamani msasa ulikuwa jani la mti, na jani huchoka kabla hujafanya madhara. Karatasi haichoki. Nilisugua huku nikiwaza mambo mengine, na nilipopuliza vumbi nikaona weupe kama mfupa, wa ukubwa wa kucha ya dole gumba. Nilikuwa nimeitoboa vinia nikatokea kwenye ule mti wa bei ndogo. Yule fundi alitaka kulivua kabati kwa msasa. Mimi nimelivua kwa mapenzi, na pale konani matokeo ni yaleyale.

Nilikaa sakafuni, mfuniko ukiwa wazi, nikitazamana na yule mbwa wa nembo anayesikiliza pembe. Francis Barraud, aliyemchora, kwanza alimweka mbele ya fonografu ya Edison. Mwaka 1899, ili kampuni ya Gramophone iinunue picha hiyo, alipaka gramafoni juu ya fonografu. Hata mbwa ana tabaka chini yake.

Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na HMV, na sahani zake zilichezwa kwenye mashine za aina hii. Maisha yake wengi tumeyasoma kwa Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti binti Saad. Nakipenda kitabu kile na nimekirudia mara nyingi, lakini kimepakwa koti tatu. Mchuuzi wa vyungu kutoka Fumba anasuguliwa mpaka anakuwa kioo cha tabia njema, na katika kurasa nyingine simwoni Siti tena. Najiona uso, kama fundi alivyoahidi. Ndivyo ilivyo pia kwa baadhi ya rekodi za taarabu ya kale zilizosafishwa kwa kompyuta. Mkwaruzo ule wa unga wa mawe umeondolewa, na pumzi ya mwimbaji kabla ya beti imekwenda nao.

Ila nisieleweke kwamba kila uchakavu ni mtakatifu. Wapo wenye vitu vya kale wasiogusa chochote, na hilo wanaliita heshima. Mimi naliita uvivu. Lile lengelenge la tatu lingeachwa, msimu mmoja wa mvua ungelibandua, na kurasa zile mbili za kipepeo zingebaki moja na nusu. Ninachomdai mtengenezaji, awe wa kabati au wa kitabu, ni kwamba atakayekuja baadaye aweze kuona alichofanya na kukitengua akitaka. Gundi ya ngozi inaruhusu hilo. Msasa hauruhusu.

Kona niliiziba kwa kipande cha vinia kutoka kabati la nguo lililovunjika. Nilikikata umbo la almasi, kwa kuwa maungio ya mshazari hayaonekani sana kama yale yanayokata nyuzi. Jioni hukioni. Asubuhi, jua likiingia, ni chekundu mno.

Duara sikuligusa. Asidi ya oksaliki ya kulitolea nilinunua, chupa haijafunguliwa. Mjomba alipokuja kuangalia nilimsomea makala hii ilipokuwa imefikia, ili aelewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya, kisha akacheka.

"Asumini ya mama ilikaa dirishani, mwanangu. Hilo kopo lilikuwa langu, la chambo. Mama alikwenda msibani Pangani, mimi nikatoka kuvua nikaliweka hapo juu, nikalisahau wiki nzima. Aliporudi nilichapwa nisikae."

Nikamuuliza kama ndiyo sababu alikubaliana na fundi haraka vile. Hakujibu. Nikamuuliza kama bado anataka tulitoe. Alipitisha kidole kuzunguka duara, akasema tuliache, ila nifute ile habari ya asumini. Sijaifuta.