Kioo Kwanza: Namna ya Kuipima Lenzi Iliyotumika

Anayeanza kupiga picha huulizia megapikseli. Mjuzi huomba apewe lenzi mkononi, akaielekeza kwenye mwanga kabla hata hajauliza bei. Bodi ya kamera hupitwa na wakati upesi, lakini kioo kizuri humtumikia mwenyewe hata akibadilisha bodi tatu nne. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo aziweke kwenye kioo, na kukikagua kioo ni kazi anayoweza kujifunza kwa siku moja.

Kamera nyingi za kuanzia huuzwa na lenzi ya 18–55mm. Mchana inatosha kabisa. Ingia nayo ukumbini kwenye harusi ya usiku, uivute mpaka 55mm: tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6, ISO inapanda, picha inajaa chenga. Lenzi ya 50mm yenye tundu la f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 zaidi. Nilipoifunga ya kwangu kwa mara ya kwanza, uso wa bibi harusi ulitoka na rangi yake mwenyewe chini ya taa za ukumbi. Ndiyo lenzi ninayomshauri kila anayeanza, tena iliyotumika, mradi ajue kuipima.

Ijue aina yake

Canon EF 50mm f/1.8 II ilitoka mwaka 1990. Sehemu yake ya kufungia kwenye kamera ni ya plastiki, na tundu lake lina vipande 5, hivyo ukilifunga kidogo taa za nyuma hutoka na pembe tano. Ile ya STM ya mwaka 2015 ina sehemu ya kufungia ya chuma, vipande 7 vilivyopinda, na hulenga kutoka sentimita 35 badala ya 45. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, chukua STM.

Kwa Nikon, angalia bodi yako kwanza. Kamera za D3000 na D5000, pamoja na ndugu zao wadogo, hazina mota ya kulengea ndani. Ukiziwekea 50mm f/1.8D itabidi ulenge kwa mkono. Tafuta AF-S 50mm f/1.8G ya mwaka 2011, yenye mota yake.

Mwanga wa tochi

Ondoa vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, utazame kwa upande. Chembe chache za vumbi zipo hata kwenye lenzi bora, wala haziharibu picha. Unachokitafuta ni nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama mizizi. Hiyo ni fangasi. Huota penye unyevu na giza, ndiyo maana lenzi ya Tanga, Mombasa au Unguja iliyokaa kabatini muda mrefu ni ya kushukiwa kuliko inayotumika kila wiki. Ikikomaa hula utando wa kinga uliopakwa juu ya kioo, na alama hubaki hata fundi akiisafisha.

Tazama pia kama kuna ukungu mweupe uliotanda ndani, kwani hugeuza weusi kuwa kijivu. Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele hauna madhara makubwa. Ukiwa kwenye kioo cha nyuma, rudisha lenzi.

Tundu

Lenzi za Nikon nilizozitaja zina kijiti kidogo nyuma. Kisukume na ukiachie: vipande virudi papo hapo, vikavu, bila mng'ao wa mafuta. Canon huendeshwa kwa umeme, kwa hiyo weka f/8 na kasi moja isiyobadilika, upige ukuta mara kadhaa mfululizo. Picha moja ikitoka nyeupe kuliko mwenzake, vipande vinanata.

Kanga ukutani

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Itandaze kanga ukutani iwe imenyooka, simama mbele yake katikati, kamera ikiwa juu ya meza au stendi, pindo lote lijaze fremu. Piga kwa f/1.8, kisha kwa f/5.6. Kuza picha kwenye skrini, usome jina la kanga: kwa f/5.6 kila herufi iwe na ukingo safi. Halafu linganisha pembe nne za pindo. Kwa f/1.8 pembe zote zikififia sawasawa, hiyo ni tabia ya kawaida. Upande wa kulia ukiwa mkali na wa kushoto umefifia, vioo vya ndani vimehama, pengine lenzi iliwahi kuanguka. Rudia mara moja kuhakikisha hukusimama mshazari, kisha uiache.

Jicho na kofia

Muombe mtu aliyevaa kofia nyeupe ya viua akae kivulini. Lenga jicho lililo karibu kwa f/1.8. Kope zihesabike; ukali ukiangukia sikioni au puani, lenzi na bodi hazikubaliani. Kisha tazama kofia: vitobo vya darizi vionekane, huku ngozi nyeusi ikibaki na vivuli vyake vyote. Kwa kuzoeza jicho, tafuta picha nyeusi na nyeupe za Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930.

Bodi

Ukinunua lenzi pamoja na bodi, piga anga tupu kwa f/16. Madoa meusi ni vumbi la sensa, na husafishika. Nikon huandika idadi ya mapigo ya shata ndani ya faili ya picha. Ilinganishe na kiwango ambacho shata ilijaribiwa na mtengenezaji: D7000, kwa mfano, ilijaribiwa kwa mapigo 150,000.

Kukata shauri

Fangasi, kioo cha nyuma kilichokwaruzika na vioo vilivyohama havina mjadala: usinunue hata kwa bei ya kutupa. Vumbi, rangi iliyobambuka na mpira uliolegea ni vya kupunguziwa bei. Ukiipata iliyo safi, usibishane sana na muuzaji. Nyumbani ihifadhi kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na pakiti za silika, si kwenye mkoba wa ngozi, na utoke nayo mara kwa mara.