Kulehemu Tangi la Alumini la Injini ya Boti

Tangi la mafuta la alumini ni jepesi na halishiki kutu kama la chuma. Sifa hizo zinalifaa kwa injini za boti huko Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, na kwa injini ndogo za kumenya kahawa milimani Mbinga. Karakana ya nyumbani yenye mitungi ya gesi inaweza kuliunda kwa kulehemu, yaani kuunganisha mabati kwa fimbo inayoyeyuka kabla ya bati lenyewe. Kazi hiyo ina vikwazo viwili: utando wa oksidi juu ya bati, na nafasi finyu kati ya joto la kuyeyusha fimbo na joto la kuharibu bati.

Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini oksidi inayoifunika hustahimili zaidi ya nyuzi 2,000. Oksidi isipoondolewa, fimbo iliyoyeyuka hujikusanya matone bila kushika. Kwanza bati hufutwa grisi, kisha husuguliwa kwa brashi ya chuma kisichoshika kutu ambayo haijagusa metali nyingine. Utando hurudi mara moja hewani, kwa hiyo hupakwa dawa ya kulehemu yenye kloridi na floridi ili iutafune moto unapowaka. Moshi wake hudhuru mapafu, hivyo kazi hufanyika mahali penye hewa ya kutosha.

Fimbo ya kawaida ina silikoni asilimia 12 hivi na huyeyuka karibu na nyuzi 580. Bati la aina ya 3003, lenye manganizi kidogo, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 643. Fundi anabakiwa na nyuzi 60 tu za kuchezea, na alumini haiwi nyekundu kabla ya kuanguka. Kipimo chake ni dawa: ikigeuka kuwa maji maang'avu, joto limekaribia. Fimbo iguswe kwenye bati na iyeyushwe na joto la bati, si mwali. Kwa kuwa alumini husambaza joto haraka, sehemu pana hupashwa kwa mwali unaohamahama.

Si kila bati linafaa. Bati la boti la 5083 lina magnesiamu zaidi ya asilimia 4, na dawa ya kawaida haiwezi kuondoa oksidi yake. Bati la 6061 huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 582, karibu sawa na fimbo. Bati lisilojulikana aina yake hujaribiwa kwanza kwa kipande kidogo.

Kingo hazigonganishwi ncha kwa ncha. Moja hukunjwa na kulalia nyingine, kwa pengo la milimita 0.1 hadi 0.25, ili fimbo ivutwe ndani na mkunjo ubebe mzigo. Upepo wa mwera unapoinua mawimbi ya Ziwa Nyasa, mafuta hupiga kuta za tangi. Vizuizi vya ndani vyenye matundu hupunguza mapigo hayo kabla hayajachosha viungo.

Mabaki ya dawa huila alumini palipo na unyevu. Huoshwa kwa maji ya moto na brashi nje na ndani, hivyo mdomo wa tangi lazima uruhusu kufika kila pembe. Viungio vya shaba nyeupe havifai kugusa alumini moja kwa moja, kwani maji yakiingia kati yao alumini ndiyo inayoliwa.

Tangi hujaribiwa kwa hewa isiyozidi kilopaskali 20, na povu la sabuni huonyesha panapovuja. Hata shinikizo hilo dogo huusukuma ukuta wa sentimita 40 kwa 30 kwa nguvu ya kilo 245 hivi; hewa ya kujazia matairi hulipasua.

Tangi lililowahi kubeba petroli ni jambo jingine. Mvuke wa petroli hulipuka ukifika asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa, kwa hiyo tangi lililomwagwa mafuta ni hatari kuliko lililojaa. Kulisuuza kwa maji hakutoshi, maana mafuta hujificha kwenye mikunjo. Karakana ya nyumbani hulehemu tangi jipya; la zamani linalovuja hubadilishwa.