Kati ya 'kitabu cha ukweli' na 'hadithi tu'

MWANZONI mwa mwezi uliopita, mwanafunzi wa kidato cha tatu alinikuta nimeshika riwaya akaniuliza: "Mwalimu, hicho ni kitabu cha ukweli ama ni hadithi tu?" Nikamjibu kwamba ni hadithi. Akatikisa kichwa kwa adabu, akaenda zake. Aliniachia lile neno 'tu', likanikereketa siku nzima. Nikaazimia kusoma vitabu vinne katika mwezi huo, viwili vya kubuni na viwili visivyo vya kubuni, nione kama 'tu' hiyo ina haki ya kukaa pale alipoiweka.

Hebu tuanze na lugha yenyewe. Kazi za kubuni tumezipa majina tele: bunilizi, riwaya, ngano, hadithi. Hizo nyingine tunaziita 'zisizo za kubuni'. Tunazitambulisha kwa kile zisichokuwa nacho. Ni kama kumwita mtu 'yule asiye mrefu'. Ajabu ni kwamba hizo zisizo na jina ndizo wengi wetu tunaziamini zaidi.

Wiki ya kwanza nilisoma Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Hii ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa za Kiswahili. Tippu Tip aliiandika kwa herufi za Kiarabu, naye Mjerumani Heinrich Brode akaichapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Masimulizi yake ni makavu kama daftari la duka: bidhaa, madeni, pembe za ndovu, vita, kisha pembe tena. Anaanza akiwa na umri wa miaka 12, akichuuza sandarusi katika safari za karibu. Watu waliobeba mizigo yake anawataja kwa idadi, ni nadra kuwataja kwa majina.

Halafu anafika kwa mtawala mzee, Kasongo Rushie, katika nchi ambayo leo ni mashariki mwa Kongo. Amekwisha kupata habari kwamba dada wa mzee huyo alitekwa miaka mingi iliyopita. Basi Tippu Tip anadai kuwa yeye ni mjukuu wa dada huyo. Mzee anaamini na kumwachia utawala. Anayetusimulia uongo huo ni Tippu Tip mwenyewe, wala haoni soni. Nilikifunga kitabu nikacheka peke yangu. Kitabu cha ukweli ndicho hiki, na ndani yake mna kisa cha kubuni kilichompa mtu nchi nzima. Hadithi tu, eti!

Wiki ya pili nikasoma Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka wa 1994 na kutafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis. Sikuwa nimepanga vitabu hivi viwili vikutane, lakini vilikutana. Yusuf, kama Tippu Tip, anaanza safari ya maisha akiwa na miaka 12. Tofauti ni kwamba Tippu Tip alitoka na sandarusi ya kuuza, ilhali Yusuf mwenyewe ndiye malipo. Baba yake ana deni kwa tajiri Aziz, naye mtoto anawekwa rehani bila kuambiwa. Anadhani anakwenda kumtembelea jamaa. Ni Khalil, kijana mwingine wa rehani, anayemfungua macho dukani.

Baadaye Yusuf anasafiri na msafara wa tajiri kuelekea bara, njia ya aina ile ile niliyoipita na Tippu Tip wiki moja kabla. Safari hii niliiona kwa macho ya mtu ambaye katika daftari la tajiri angekuwa nambari. Hapo ndipo nilipoona kazi ya bunilizi: humrudishia mtu jina pale kumbukumbu zilipomhesabu na kumsahau. Hata hivyo, bila Tippu Tip nisingejua mambo hayo yalivyoonekana ya kawaida kwa aliyenufaika nayo. Hilo Gurnah hawezi kunipa kwa uzito ule ule, kwa sababu yeye anajua ni uovu.

Wiki mbili za mwisho nilimpa mwandishi mmoja, Adam Shafi wa Zanzibar. Haini (2003) ni riwaya kuhusu kamatakamata na mateso baada ya kiongozi kuuawa, nayo yanatukumbusha yaliyotokea Zanzibar baada ya Karume kuuawa Aprili 1972. Shafi mwenyewe aliwekwa kizuizini wakati huo. Mbali na Nyumbani (2013) ni tawasifu ya ujana wake, alipotoka kwao akiwa na hamu ya kufika Ulaya kusoma, akikata nchi baada ya nchi kuelekea kaskazini.

Swali langu likawa: mbona mateso ya gerezani ameyapa jina la kubuni, Hamza, na safari ya ujana akaisimulia kwa jina lake? Jibu ninalolipata katika kurasa zenyewe ni hili. Safari ni ya mtu mmoja, na anayeweza kuithibitisha ni yeye. Gereza lilikuwa la wengi, wakiwemo ambao hawakutoka wakasimulia. Kusema 'mimi' pale kungewaacha nje. Hamza ana nafasi ya kuwabeba wote. Kwa hiyo mwandishi aliyeyaona kwa macho yake ameamua kwamba ukweli huo unataka hadithi. Huyo ni shahidi mzito kuliko mimi.

Sasa turudi darasani. Karatasi yetu ya fasihi katika KCSE hutahini riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi. Tawasifu haimo miongoni mwa vitabu teule. Kwa kuifungia nje, tunawafanya vijana waamini kwamba fasihi ni mambo ya kubuni ya kupitia mtihani, na ukweli unakaa kwingine. Pendekezo langu si gumu: mwalimu anayefunza riwaya na aweke kando yake kurasa kumi za tawasifu inayohusu mambo hayo hayo. Wanafunzi waulizwe nani ametajwa hapa na kusahauliwa kule.

Yule mwanafunzi nilimwona tena wiki jana. Nimemwazima Peponi. Akirudisha nitampa Tippu Tip, kisha nitamwomba aniulize swali lake upya.